Saruji ya Baba

Jamani, leo baba kaleta saruji nyumbani na mama analia.

Mnaomjua baba mnaujua wimbo wake tangu tulipokimbilia hapa Heru Juu mwaka sabini na mbili: sakafu ya udongo inatosha, tunarudi imuhira, nyumbani Burundi.

Hadi mwaka huu wa tisini na sita, kila chumba mama anakisiriba kwa kinyesi cha ng'ombe.

Asubuhi redio ikasema mapigano kule yamepamba moto tena. Baba akaizima, akachukua baiskeli. Akarudi na mifuko miwili ya saruji, na fundi nyuma yake.

Nikapiga makofi! Hatimaye na sisi sebule ya kung'aa!

Mama akaketi chini pale pale, akajifunika uso kwa kitenge.

Makofi yakaniishia mikononi. Sikujua hata nitazame wapi.

Fundi, masikini, akauliza aanzie wapi. Sebuleni? Jikoni?

"Popote," mama akasema, "ila chumba changu kiacheni na udongo wake. Mimi bado niko safarini."

Mngekuwa nyie mngesema nini?

Baba hakumtazama. Akamwambia fundi, "Anza na hicho."