Fyuzi Nyeusi ya Redio ya Adrien

Stanislas alikuwa fundi redio wa mtaa wa Kenya, huko Katanga, na alikuwa na kiburi chake: jicho, alisema, ni shahidi mwongo. Fyuzi ikiletwa, aliiunga na betri na balbu ya tochi. Balbu ikiwaka, uzi mzima. Isipowaka, umekatika, hata kama kioo kinang'aa. Kisha aliangalia rangi. Kioo kilichopigwa weusi ni ugonjwa ndani ya redio, na ole wake atakayeirudishia umeme kabla ya kuutafuta.

Adhuhuri moja, Katanga ikiwa imejitenga mwaka wa pili, Ngalula alimletea redio ya mumewe Adrien. Adrien alikuwa amepanda treni ya wakimbizi kurudi Kasai, na habari za treni hizo zilikuwa za kutisha. Siku zile stesheni ya redio ilikuwa ikisoma majina ya waliofika salama. Majirani Wakasai walikwisha kuhama na redio zao, na redio zote za kibanda cha Stanislas zilikuwa zimeporwa.

Balbu haikuwaka. Kioo kilikuwa cheusi tititi.

"Mamu, iko na ugonjwa ndani. Uniachie redio mpaka kesho."

"Kesho batasoma ya bengine, Tatu," Ngalula alisema, akimwita baba kwa heshima. "Leo ni ya treni yake. Ufanye tu vile bantu banafanyaka."

Stanislas alijua anachoombwa. Fyuzi mpya hazikupatikana mjini, watu wakazizungushia zilizokatika karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara ili umeme upite, naye alikuwa akiwaita wapumbavu kwa kazi hiyo. Leo huruma ilimshinda. Alizungusha karatasi ile huku akiogopa.

Redio ikapata joto, ikakohoa, ikasema. Majina yakaja ya treni moja, yakaisha. Msomaji akageuza ukurasa, akataja treni ya Adrien.

"Njo yake, treni ya Adrien!" Ngalula akasogeza kiti.

Ndipo harufu ya lami ikawafikia, na moshi, na sauti ikazama. Stanislas alichomoa waya. Transfoma ilikuwa imeungua, na mji mzima haukuwa na nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ngalula hakulia. Aliweka kiganja juu ya sanduku la redio.

"Ingali moto," alisema. "Inapumzika kidogo, eh, Tatu?"

Stanislas alikunja waya, akijua redio haitasema tena.

"Inapumzika, Mamu," alisema, akamwacha aendelee kusubiri.