Baba Anafundisha Watu Kupumzika, Mama Amevimba Miguu

Jina langu nakuomba ulifiche, Mhariri. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, tunakaa ghorofani Mchafukoge. Mimi si msemaji. Hata darasani jibu nalijua na nanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Baba ni ofisa anayezunguka mashuleni kuwashauri wanafunzi kazi za kuchagua. Wimbo wake ni mmoja: usichague kazi itakayokumeza, kazi ipate haki yake na nyumba haki yake. Anausema kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili ungeonekana ulivyo mwepesi. Na kweli yeye kagawa! Saa nane na nusu ofisi imefungwa, saa tisa yuko kochini anakoroma, jioni bao. Mama akitoka zamu kiwandani anapitiliza Kariakoo kwenye foleni ya duka la ushirika. Sukari leo, sabuni kesho, unga Mungu akipenda. Huweka jiwe limshikie nafasi, akae chini kidogo, maana miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii. Akirudi, baba anafumbua jicho moja: "Mama watoto, chai vipi?"

Mwezi uliopita alikuja shuleni kwetu. Makofi! Mwalimu mkuu akasema, "Laiti wanaume wote wangekuwa hivi." Baba akaninyooshea kidole: "Muulizeni binti yangu kama sina muda na familia."

Nikaitikia kwa kichwa. Muda anao. Ungekuwa unaliwa, tungeshiba.

Mimi nataka kidato cha tano, nisome sayansi. Juzi mezani akaniambia, "Cha tano cha nini? Nimekutafutia nafasi ya kupiga chapa. Kazi nzuri kwa mtoto wa kike, saa nane na nusu umetoka, unawahi foleni. Mama yako kachoka."

Kumbe anajua kwamba kachoka!

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe baba, huwezi kuwahi?"

Akacheka hadi akapaliwa. "Mwanamume na kikapu Kariakoo? Watu watasemaje?"

Mama alinifuata jikoni. "Wewe kasome, mwanangu. Mie foleni nimeizoea." Aliyasema hayo kaegemea ukuta.

Jumatatu baba anataka jibu. Nikienda shule, mama ataendelea kusimama. Nikikubali mashine ya chapa, nitasimama mimi. Vyovyote vile, yeye atalala. Wasomaji wenzangu, nishike lipi? Ila msiniambie nimheshimu baba. Hilo nalifanya kila siku, na ndilo lililotufikisha hapa.