Risasi za Darini

Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, anaishi juu ya Mlali, pale mashamba yanapoanza kuparamia milima ya Uluguru. Ana bunduki ya mitutu miwili aliyorithi kwa mjomba wake. Kwetu Waluguru mali ya ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo siku moja bunduki ile itakuwa ya kaka yangu, ambaye yuko mjini Morogoro na hata panya humtoa mbio. Leseni mjomba anayo, hilo sina neno. Neno langu ni risasi.

Risasi nazo ni za urithi. Ni zile za zamani za ganda la karatasi, na mjomba amezitunza kama tunavyotunza mbegu ya mahindi: darini, juu ya meko, kwenye moshi. Milimani kwetu unyevu hauna adabu. Ukiacha kiatu ukutani, baada ya siku chache kimeota ukungu. Kwa kuwa moshi hufukuza wadudu kwenye mbegu, mjomba akaamini utafukuza na unyevu kwenye baruti. Miaka yote hiyo zimekuwa zikipikwa kwa joto la chini na kuloweshwa na mvuke wa vyungu, naye anajiona mtunzaji hodari.

Masika haya nguruwe pori walishuka kutoka msituni mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Nikapanda kutoka mjini kwenda kumsalimia, nikamkuta jikoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila usikanyage hizo."

Hizo zilikuwa risasi, zimetandazwa kwenye ungo. Vitako vya shaba vimeota kutu ya kijani, karatasi zimevimba. Zile zilizokataa kuingia mtutuni alikuwa anazipaka sabuni ya mche ziteleze. Nilishikwa na hasira hata chai sikuiomba.

Marehemu mume wangu alikuwa askari wa wanyamapori, na jambo moja alilolirudia mpaka likanikaa kichwani ni kwamba risasi mbovu huua kwa kulipuka kidogo. Inasukuma mzigo wake wa gololi hadi katikati ya mtutu, mzigo unakwama. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka usoni pako. Nilimweleza mjomba hayo yote, na sauti yangu haikuwa ya mpwa mwenye heshima.

"Mjomba, baruti si mbegu! Nunua mpya."

"Nilinunua. Hizi za plastiki ni ndefu, bunduki hii tundu lake la risasi ni fupi. Nilipiga moja tu, bega likavimba na bunduki yenyewe ikalegea maungio. Sasa unataka inipasue kwa mpya au kwa ya zamani?"

Nikausogeza ungo mbali na meko.

"Basi iweke chini kabisa."

"Nikiiweka chini tutakula nini? Nguruwe hawafukuzwi kwa hotuba."

Kesho yake asubuhi, jua limeshachomoza, tukasikia debe. Jirani yake, mama mmoja mjane kama mimi, alikuwa ng'ambo ya korongo akiwatoa nguruwe kwenye mihogo na kuwaswaga upande wetu. Ndivyo wanavyofanya huko: mmoja anapiga debe, mjomba anasubiri na bunduki. Akatoka, nami nikamfuata nyuma nikimwomba Mungu kimoyomoyo, maana mdomo nilishautumia vya kutosha.

Nguruwe akachomoka kwenye majani, mjomba akafyatua. Pu! Mlio wa kizibo cha chupa. Moshi ukatoka kivivu mdomoni mwa mtutu, nguruwe akajiendea zake. Mjomba akaikunja bunduki maungioni, akatoa risasi zote mbili, akaingiza mkono mfukoni kutafuta nyingine. Hapo nikaikamata mitutu kwa mikono miwili.

"Unaninyang'anya bunduki ya ukoo? Wewe, mtoto wa dada yangu?"

"Sinyang'anyi. Chungulia kwanza, mjomba, nakuomba. Ukiona mwanga kwenye mitutu yote miwili, piga, mimi narudi zangu mjini."

Akaielekeza angani, akafumba jicho moja, akachungulia mtutu wa kwanza, kisha wa pili.

"Mwanga upo. Haya, tazama mwenyewe."

Hakuwa anatania, wala hakuwa anajitetea. Nikachungulia. Mtutu wa kushoto ulikuwa mweupe mpaka mwisho. Wa kulia ulikuwa giza tupu. Nikavunja ufito, nikauchomeka, ukagota katikati. Nikachukua mkono wake, nikaushikisha ufito ausukume mwenyewe mpaka pale ulipokomea. Vidole vyake vikasimama hapo. Hasira yote ikaniisha, nikaingiwa na hofu nisiyowahi kuwa nayo juu yake.

"Mjomba, huoni?"

"Macho yameniacha tangu kiangazi," akasema taratibu. "Naona weupe tu na vivuli. Usimwambie kaka yako."

"Sasa yule nguruwe ulimlenga vipi?"

Ng'ambo ya korongo debe lilikuwa bado linalia, sasa karibu zaidi, na yule mama anapaza sauti kuuliza kama tumempata. Mjomba akageuza uso, akauelekeza barabara kule sauti ilikotoka.

"Nalenga debe," akasema.