Siku Niliyoikemea Bastola Yangu kwa Rozari

Jamani, aibu hii ni yangu na nimeshaizoea, ila leo naomba niisimulie mwenyewe, maana watu wa mtaa wetu wa Bombambili huisimulia wakicheka hadi wanashika mbavu, nami hucheka nao, na kuna kipande kimoja ambacho sijawahi kukitoa mbele yao. Leo nakitoa. Skola, mke wangu, msimwambie.

Yote yalianza kwa sababu nilikataa kuvaa miwani. Mimi nina duka la pembejeo, na msimu wa mavuno huzunguka vijijini kununua mahindi, na baada ya kusimamishwa na majambazi njia ya Mpitimbi nikaomba kibali cha bastola, nikapewa, mdhamini wangu akiwa mzee Kapinga (polisi mstaafu, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mshikeni huyo akilini). Miaka ikaenda, nikavuka hamsini, nikaanza kuona kile kinundu cha mbele cha kulengea shabaha kikicheza na kupotea kama ukungu wa asubuhi mlimani Matogoro. Mtu mwenye akili zake angeenda kupima macho. Mimi nikasema kosa ni la kiwanda, wametia vilengeo vibovu.

Basi nikaagiza vingine Dar, vile vyenye nukta za kijani zinazong'aa gizani zenyewe bila betri wala tochi. Cha mbele kina nukta moja, cha nyuma kina nukta mbili. Naomba mzikumbuke hizo nukta. Skola alipoviona tu mezani akasema, "Baba Fausta, hiyo kitu ukiigonga nyundo humu ndani, mimi nachukua wanangu narudi kwetu Mbinga." Nikamwambia nitapeleka kwa fundi. Fundi yupi? Fundi ni mimi, nilikuwa nimeshatazama video tatu kwenye simu.

Jumamosi hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwetu saa kumi jioni. Saa nane, Skola yuko jikoni na sufuria la togwa, nikajifungia chumbani, nikatoa risasi zote nikazifungia kwenye sanduku la chuma (hapo angalau nilikuwa na akili), nikaanza kazi kwa nyundo na msumari, kila pigo nikilipima na ngurumo ya radi ili nisisikike. Kilengeo cha mbele kikatoka, kipya kikaingia, nikajiona mhandisi. Cha nyuma kikagoma. Kikaingia nusu kikakwama, nikakitoa, nikakirudisha, nikajigonga kidole gumba, na mwisho nikakubali yaishe: nikarudishia kile cha zamani cha kiwandani, cheusi tii, chuma kitupu. Kipya chenye nukta mbili nikakitia mfuko wa shati.

Hapo hapo nikasikia, "Tumsifu Yesu Kristo!" Wageni wamekimbia mvua, wamewahi saa nzima, na Skola huyo anashika kitasa anataka kuweka miavuli ya watu. Sanduku lilikuwa mvunguni, muda haukuwepo. Nikapita mlango wa pili nikaingia stoo, nikaitupia bastola juu ya magunia, nikatoka nikiitikia, "Milele na milele, amina," jasho linanitiririka kama nimetoka kulima.

Sasa hiyo stoo. Zamani ilikuwa chumba cha mama yangu, na humo ndimo alimofia. Tulipomaliza msiba hakuna aliyetaka kulala mle, tukajaza mahindi hadi magunia yakaziba dirisha, kwa hiyo hata saa sita mchana kuna giza la kukata kwa kisu. Chumba cha jirani alikuwa anakaa shangazi Konsolata, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa natambaa. Alikuja kwetu baada ya kufiwa na mumewe kijijini, na maneno ya kule yalimfuata: kwamba macho yake ni mekundu (nani asingekuwa na macho mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa kuni?), kwamba mumewe hakufa kifo cha Mungu. Skola hakuwahi kuyatamka mbele yangu, lakini kuku wake watano walipokufa alinyamaza kwa namna iliyonitisha.

Tukapungukiwa mikeka. Shangazi akanyanyuka, akaingia stoo, akatoka na mkeka mmoja, akafunga mlango taratibu. Skola akaenda kuleta wa pili. Jamani, ukelele alioutoa sijausikia tangu siku ya msiba.

"Macho! Kuna macho mle ndani! Ya kijani!"

Nilijua papo hapo. Ningesema palepale yangekwisha, lakini mbele yangu amesimama mdhamini wangu, polisi, na sheria inasema silaha ifungiwe, na nyuma yake mke wangu na nauli ya Mbinga usoni. Nikanyamaza. Mzee Kapinga akachungulia, na mkewe, na katekista. Wote walirudi nyuma. Mzee huyu alikuwa polisi karibu maisha yake yote, na bado nilimwona akiitoa rozari mfukoni.

"Ni mawili," akasema kwa sauti ya chini. "Yametulia. Yanatutazama."

Katekista akaamuru tupige magoti koridoni. Mvua inapiga bati, mlango wa stoo uko wazi na ule weusi wake, watu ishirini tunasali tukiuelekea, maji ya baraka yananyunyizwa, na mimi, mbele kabisa, naitikia "utuokoe ee Bwana" kwa sauti kushinda wote. Naikemea bastola yangu mwenyewe, yenye kibali, kwa rozari. Nilijiona bwege, na bado, niwaambie ukweli, nywele za shingoni zilinisimama. Kutoka mle stoo kulikuwa kunakuja baridi, na harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka marehemu mama. Nikajiambia ni mvua.

Kisha mama Kapinga akauliza, kwa upole kabisa, "Aliyeingia mle wa kwanza ni nani?"

Shingo zote ziligeuka. Shangazi alikuwa amepiga magoti peke yake karibu na ukuta. Waliokuwa karibu naye walikuwa wameshasogea mbali.

"Bibi," akasema mzee Kapinga, "ingekuwa vizuri ukarudi kwenu. Leo hii, kabla giza halijaingia. Sisi tunasali, lakini huko nje kuna watu hawasali."

Nilielewa alichomaanisha. Sote tunajua wanavyofanywa vikongwe wakishatajwa kuwa wachawi. Nilimtazama Skola aseme neno, naye akainamisha kichwa. Shangazi alinyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na kifurushi cha kanga kilichofungwa tayari, kana kwamba kilikuwa kinaisubiri siku hiyo. Akanipitia akanigusa kichwa. "Ubaki salama, baba."

Hapo ndipo kibali, ndoa na heshima vyote nikaviona upuuzi. Nikasimama nikapiga kelele, "Ni bastola! Ni bastola yangu!" Watu wakadhani pepo kanipanda. Katekista akanimwagia maji yote yaliyobaki. Nikaeleza huku natiririka maji, habari ya miwani, video, nyundo, kidole gumba, na walipobaki wameduwaa nikachomoa kile kilengeo mfukoni, nikakifunika kwa viganja ili wachungulie. Mzee Kapinga akachungulia wa kwanza.

"Haya hapa," akasema. "Ya kijani. Mawili."

Akaanza kucheka yeye, wakafuata wote, kicheko cha watu waliopona. Skola alinipiga kofi la bega huku machozi yanamtoka, kisha akaenda kukichukua kile kifurushi mikononi mwa shangazi na kumwomba msamaha.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimeshika kile chuma, na hesabu imenijia ghafla. Hizo mbili zilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Kule stoo niliacha moja.

Nikainua macho. Shangazi alikuwa ananitazama. Nami nikakifunga kinywa.

Jumatatu mzee Kapinga alinisindikiza kituoni, bastola nimeibeba kwenye mfuko wa mbegu, tukapokewa kwa karipio nisilotaka kulirudia. Afande wa silaha alizima taa aione vizuri, akaniuliza, "Mbona inang'aa nukta moja tu?" Nikajichekesha. Walikaa nayo miezi mingi, fundi wao akarudisha kile cha mbele cha kiwandani, na kibali nusura kiondoke.

Jioni ile ile ya sala, wageni walipoondoka, nilimfuata shangazi jikoni, naye hata hakungoja niulize. "Nayaona tangu mama yako afe," akasema, akipuliza moto. "Hayajamdhuru mtu. Ningesema, mngeniona mchawi." Kisha akanipakulia ugali, na hatukuligusia tena hadi alipofariki mwaka huu, kitandani kwake, kwa amani, na Skola ndiye aliyelia kuliko wote. Ndiyo maana leo naweza kusema.

Miwani nilinunua, hii hapa usoni. Nyundo sitaigusa tena, hata msumari wa kutundikia kalenda namwita fundi. Na wanaponitania, "Bene, macho ya kijani hayajambo?" nacheka kwa nguvu, kwa sababu kicheko kile ndicho kilichomweka shangazi nyumbani kwangu. Ila nikitumwa mahindi stoo, hata iwe mchana kweupe, nasimama mlangoni nabisha hodi kwanza. Namshukuru Mungu, mpaka leo sijakaribishwa.