Kernel iliboot vizuri, Dativa akapelekwa kambini

Wakuu, na nyie wajukuu mliojificha humu, marahaba. Shule yangu ni ndogo, ila haya nimeyaona mwenyewe. Siongezi chumvi.

Miaka ile Warundi wanakimbia kwao na kushuka Kagunga, ufukweni mwa ziwa, nilimpokea kwangu Bangwe, huku Kigoma, binti mmoja, Dativa. Kwao alikuwa anasomea kompyuta. Alivuka na laptop kifuani, kaifunga kwa kitenge.

Mwenye kituo cha kompyuta Mwandiga akasikia. Mashine zake kuukuu, Windows inazishinda. Akaja.

"Binti, ukiniwashia zile, nakuombea kibali. Utabaki mjini, utafundisha kwangu."

Mkimbizi asiye na kibali alitakiwa kambini. Basi Dativa hakulala vizuri tena.

Akaamua kujenga kernel yake mwenyewe, nyepesi. Kwa msiojua, kama mimi wakati huo: kernel ndiyo moyo wa mfumo; isipoamka, kwenye kompyuta hakiamki kitu.

Aliijengea kwenye laptop yake, betri imekufa. Umeme ukikatika, anarudia. Mimi ningeshaitupa ziwani.

Tukaenda Mwandiga. Mashine ikawashwa. Maandishi meupe yakakimbia, halafu kernel panic, yaani kernel imegoma.

Mwenye kituo akacheka. "Ndiyo ya Bujumbura hiyo?"

"Nyamaza, baba," nikamwambia. "Mwache mtu afanye kazi."

Dativa akasoma screen, akajipiga paji la uso. Ili iwe nyepesi, aliweka driver, vile viprogramu vya kuendeshea vifaa, za vitu vya laptop yake tu. Driver ya diski za kituo aliiacha.

"Bibi, nimefungasha kama siku ile ya kukimbia. Nimebeba vyeti, nimeacha viatu."

Tulicheka, jamani. Kwa mara ya mwisho.

Akaijenga upya. Ikaboot, ikaamka. Mashine zote, moja baada ya nyingine, na yeye anapiga vigelegele.

Kibali sasa? Kila nikimwuliza mwenye kituo:

"Kesho, bibi."

"Afisa kasafiri, bibi."

Lori la kupeleka wakimbizi kambini likaja, likambeba Dativa.

Nikamfuata yule bwana kituoni. Nikamkuta anafundisha kwa mashine zilezile.

"Si afadhali, bibi? Kambini anakula bure."

Nilimkazia macho mpaka wanafunzi wakageuka.

Nilichojifunza ni hiki: mwenye shida akiahidiwa kibali, kibali kitangulie, kernel ifuate. Watu wanautaka ujuzi wa mkimbizi, mkimbizi mwenyewe hawamtaki.

Haya, semeni yenu. Ila atakayeniandikia "ndiyo maisha, bibi", shikamoo yake akae nayo.