Nguo za Sihaba Baada ya Gauni Jeupe

Mimi ni mtu wa kushuku, na radhi siombi. Baba yangu, Mzee Msabaha, alikuwa askari wa forodha hapa Bagamoyo, na alinilea kwa neno moja: mtu akikuonyesha mikono mitupu, mtazame kilemba. Ndiyo maana Sihaba binti Kombo alipoanza kununua nguo kwa namna nisiyoielewa, mimi Mwaija nilikuwa wa kwanza kuona. Na mimi ndiye niliyekosea kuliko wote.

Sihaba ni shoga yangu tangu mwaka ishirini na tisa. Alizaliwa Mkange, akaletwa mjini na mumewe Bwanausi, na Bwanausi alipofariki alimwachia binti mmoja, Fatu, na nyumba ya vyumba viwili. Hakurudi kwao. Alikwenda kuomba kazi hospitali, akawekwa wodi ya wanawake, kufua mashuka, kuosha wagonjwa na kuwashika mikono wanaozaa. Miaka ishirini na minne alivaa gauni jeupe la marikani, gumu kwa wanga, lenye ukanda wa buluu. Kila mwaka alipewa mawili, na yote mawili yalimbana kwapani, maana aliyeyapima hakumpima yeye.

Lakini mwisho wa mwezi ukifika, weye! Tulikuwa wanne, yeye, mimi, Tatu na Hija. Tunajitanda buibui, tunashuka mtaa wa maduka, na Sihaba ndiye anayetangulia. Akifika kwa Mhindi Virji hasalimii mara mbili. Anaikunjua kanga, anaitoa nje mlangoni penye jua, anaitazama pindo, anautazama mji wa katikati, anasoma jina lililoandikwa kwa sauti wapita njia wasikie, kisha anaisugua kwa dole gumba ajue ni uzi au ni wanga mtupu. Akisema hii hapana, basi hapana, hata Virji aape kwa miungu yake yote. Mtu aliyevishwa gauni la serikali siku sita kwa wiki, ile ya saba alivaa anachotaka.

Sasa mjue pia kwamba mji huu ulikuwa na vyama viwili vya lelemama, ngoma ya wanawake, chetu Kilua na chao Tausi. Mimi nilikuwa kiongozi wa Kilua. Tausi waliongozwa na Kibibi, mwanamke mrefu, mwenye shingo ya kujua kwamba anatazamwa. Tulishindana kila Idi kwa kucheza na kwa nyimbo, lakini zaidi kwa sare. Sare ilikuwa siri. Virji aliweka robota mbili za kanga nyuma ya pazia, ya kwetu na ya kwao, na kila mwanachama alikwenda kuchukua doti yake kimyakimya. Chama ambacho siri yake imetoka kabla ya siku kilikuwa kimeshindwa kabla ngoma haijawambwa. Na aliyekuwa akituchagulia sare, miaka yote hiyo, ni Sihaba.

Akastaafu Januari mwaka hamsini na nne. Alipewa cheti na saa ya ukutani, na siku hiyohiyo aliyachana magauni yake yote mawili akafanya matambara ya kufutia taa. Nilicheka nikamwambia sasa tutakukoma, utanunua kanga mpaka sanduku lipasuke. Akatabasamu tu.

Mwisho wa mwezi tulimpitia. Akasema amechoka, twende tu. Mwezi wa pili akasema ana wageni, na wageni sikuwaona. Kumbe anakwenda peke yake! Anakwenda adhuhuri, watu wamelala, maduka yamefunga nusu ya milango. Nilijua kwa sababu nilimfuata. Ndiyo, nilimfuata, nikasimama barazani kwa mtu nikijifanya nafunga kiatu. Nikamwona ametoka kwa Virji na kifurushi kidogo. Siku ya pili nikakiona kilichokuwamo kimeanikwa uani kwake: kitambaa chekundu kitupu, hakina ua wala jina. Halafu kikafuata cheupe. Halafu kaniki, nyeusi tii.

Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Nani hapa pwani asiyejua rangi hizo zinatakiwa na nani? Nikasema shoga yangu amepandisha pepo, au kuna mganga amemshika. Siku nyingine nikaingia uani kwake bila kupiga hodi, nikashika ncha ya kanga yake moja ya zamani iliyokuwa kambani. Pembeni pana vifundo viwili vya uzi, vimeshonwa kwa mkono. Nikashika nyingine, kifundo kimoja. Ya tatu, vitatu. Nikatoka kinyumenyume kama mwizi, nikamhadithia Tatu, na Tatu akamhadithia Hija, na Hija mdomo wake hauna kizibo.

Yote hayo ningeyameza. Lakini ulipofika wakati wa kuchagua sare ya Idi, Sihaba akakataa. Nilimpelekea vipande viwili mpaka kwake nikamwambia atusomee majina kama kawaida yake. Alivishika, akavinusa, akanirudishia. Akasema, "Mimi nimestaafu, shoga. Na kusoma nako nimestaafu."

Nikacheka kwa sauti, lakini moyoni nilikasirika. Nilichagua mwenyewe, kijani yenye maua ya rangi ya bizari, na usiku sikulala vizuri. Na wiki ya kwanza ya Ramadhani nikamwona kwa macho yangu mawili, njia ya kutoka kisimani, anatembea na Kibibi wa Tausi. Si kutembea tu, wameshikana mikono. Waliponiona, Kibibi alinisalimu kwa kuinamisha kichwa. Sihaba hakunisalimu. Alinipita umbali wa hatua tatu hivi, uso umenyooka mbele, kama mimi nguzo ya simu.

Basi hesabu yangu ikatimia. Hachagui nasi kwa sababu anachagua nao. Anakwenda dukani peke yake kwa sababu ana la kuficha. Hanisalimu kwa sababu uso una haya. Miaka ishirini na mitano ya kula sahani moja, na ananiuza kwa Kibibi! Tatu aliniambia nimuulize mwenyewe kabla sijamhukumu. Nikamwambia mwizi haulizwi kama ameiba. Lakini usiku nililia, na niseme kweli, sikulilia sare. Chama kingemfukuza, na mimi ndiye ningepaswa kulitamka neno hilo, na baada ya hapo ningezeeka na nani?

Siku ya tatu ya Idi tukakutana kiwanjani. Zumari linalia, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Sisi upande huu, Tausi upande ule, kila mmoja amejifunika buibui kwanza, maana sare hufunuliwa kwa pamoja. Sihaba alikuja amechelewa, Hija akamsogeza akasimama kwenye safu yetu, wa tatu kutoka kwangu. Nikapiga kofi. Buibui zikaanguka.

Sisi kijani. Tausi wamevaa rangi ya bizari yenye majani ya kijani. Na katikati ya safu yetu, amesimama wima, amejifunga vizuri, ametia na asumini kichwani, Sihaba amevaa ya Tausi.

Watu walicheka kwanza. Kisha wakaguna. Mimi damu ilinipanda hadi machoni, nikatoka mbele ya safu, nikasimama naye uso kwa uso, nikasema kwa sauti ya kufika ukutani.

"Rudi kwenu, Sihaba. Umeshajivika sare ya kwenu."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliinamisha kichwa, akaishika pindo ya kanga yake, akaisugua kwa dole gumba kama alivyokuwa akifanya mlangoni kwa Virji, akaipeleka karibu na uso, karibu kabisa, mpaka ikagusa pua. Akasema kwa sauti ndogo, lakini zumari lilikuwa limenyamaza na kila mtu alisikia.

"Mwaija, kwani nimevaa nini?"

Nikamtazama machoni. Miaka yote hiyo tunatazamana, na siku hiyo ndiyo nikaona. Kwenye mboni palikuwa na wingu jeupe, la kushoto limekomaa, la kulia limeanza kukomaa. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mahali ilipotoka sauti yangu.

Kibibi akatoka kwenye safu yake, akavuka kiwanja chote, akamshika mkono. Alimtandika buibui mabegani, akamwongoza kupita katikati ya watu, na watu wakapisha njia. Ngoma haikuchezwa siku ile. Nilirudi nyumbani nimejifunga kijani yangu, nikakaa kitandani, nikaona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kwake asubuhi yake. Nilipiga hodi mara nne. Akanikaribisha, akanipa mkeka, kisha akanieleza bila machozi. Macho yalianza kufifia miaka mitatu nyuma. Ndiyo yaliyomfanya aache kazi, siku alipotaka kumfunika mgonjwa akashika shuka la kitanda cha pili. Daktari alimwambia aende Dar akakatwe mtoto wa jicho, lakini kazini aliwaona waliorudi wanaona na waliorudi vilevile, akaogopa. Vifundo vya uzi alivishona wakati bado anaona kidogo: kimoja nyekundu, viwili buluu, vitatu damu ya mzee. Kanga mpya kwake zilikuwa zimekuwa kama uji uliomwagika, ua na doa hayatengani. Kitambaa cha rangi moja alikiona rangi yake kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Ndiyo maana ya nyekundu na nyeupe na kaniki. Pepo lilikuwa langu, si lake.

Na sare? Alikwenda kwa Virji adhuhuri, akamkuta mke wa mwanawe, bibi harusi aliyefika mwezi huo kutoka Bara Hindi, Kiswahili hajui hata karibu. Yule binti akatoa doti mbili, moja kila mkono, akamwinulia achague. Sihaba aliona mikono tu. Aliona haya kusema haoni. Akaonyesha ya kulia.

Nikamuuliza, Kibibi je, alijuaje? Alijua kwa sababu alimkuta ametumbukia mfereji wa njia ya kisimani, akamtoa, akamwapia kwamba hatasema. Na hakusema, hata kwa Tausi wenzake. Neno hilo lilinichoma. Yule hasimu wetu ameitunza siri yake, mimi shoga yake nimeitangaza juu ya kuta.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia, ungenichagulia wewe," akasema. "Nimevishwa miaka ishirini na minne, Mwaija. Nilisema nikitoka pale, nguo ya mwilini mwangu nitachagua mwenyewe mpaka ile ya mwisho, ambayo mtanichagulia nyinyi."

Nililia, yeye akanisukumia kikombe cha kahawa kwa kupapasa.

Habari ilifika Miono, alikoolewa Fatu. Fatu akaja na mumewe na sanduku tupu la kufungia vitu vya mama. Alikuwa ameshapanga kila kitu: mama atakaa jikoni kwake penye moto, atapikiwa, atavishwa. Sihaba akasema haendi. Wakavutana mpaka Fatu akanigeukia mimi, kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha mama yake mbele ya mji, basi niseme, atabaki na nani hapa? Nikasema atabaki na mimi. Maji nitachota mimi. Dukani tutakwenda wote, na mimi nitasema ninachokiona, basi, kuchagua atachagua mwenyewe. Fatu alinitazama, akamtazama mama yake, akalifunga sanduku lake tupu akaondoka nalo.

Huu ni mwaka wa nne. Uongozi wa Kilua niliuacha, na sikuambiwa na mtu. Kila mwisho wa mwezi tunashuka mtaa wa maduka, safari hii mimi ndiye ninayetangulia, yeye ameshika bega langu. Ameanza tena kanga, si kaniki. Ananunua chache kuliko zamani lakini anakaa dukani zaidi. Namweleza pindo, namweleza mji, namsomea jina herufi kwa herufi kwa kisomo changu cha kuokoteza. Anasugua kwa dole gumba. Anafikiri.

Kisha anafanya jambo ambalo hajaliacha hata mwezi mmoja. Anageuza uso upande wa Virji, anamuuliza taratibu kama mimi sipo: rangi yake nini hii? Jina lake nini? Virji anajibu huku ananitazama kwa huruma. Nami nasimama pale mlangoni penye jua, nangoja kusikia kama maneno yake yatalingana na yangu.