Nusu Saa Kutoka Helsinki

Kutoka Helsinki hadi Tallinn ni kama kilomita themanini tu, karibu zote bahari. Ndege haijatulia angani, inaanza kushuka. Nusu saa umefika. Sasa niambie, mwanamume anayerudi hivyo kila Ijumaa anawezaje kuchelewa hata chakula kikapoa?

Helve ni jirani yangu, mlango kwa mlango, ghorofani kwetu Lasnamäe, mtaa wa hapa Tallinn. Anauza mkate mweusi sokoni. Maneno yake machache, na ukimkosea hasahau. Baba yake, Kaarel, alimwita Urmas, mumewe wa sasa, mlevi mbele ya wageni siku ya uchumba, na harusini hakuja. Tangu hapo Helve hajakanyaga kwa mzee. Alimwacha baba kwa ajili ya Urmas. Je, Urmas naye akimsaliti, atabaki na nani?

Urmas ni fundi ujenzi kule Helsinki, na tajiri yake humlipia ndege. "Ndege imechelewa," husema akiingia. Uongo mtupu! Tulishaiona dirishani ikitua. Mimi sikumwamini hata kidogo.

Ijumaa moja ya Novemba Helve alinigongea, kashika jani la kijani la mbetula, mti wa huku kwetu.

"Nimelitoa shingoni kwake. Na nywele zimelowa."

Nikachungulia dirishani. Nje miti yote ilikuwa vijiti vitupu. Jani kama lile msimu huo hutoka sauna tu, chumba cha kuogea kwa mvuke, kwenye matawi tunayokausha kiangazi, kisha tunayaloweka ili tuchapane migongo. Na fleti zetu hazina sauna.

"Shoga," nikamwambia, "huo mgongo una mtu wake."

"Nitamjua wiki ijayo," akajibu.

Ijumaa iliyofuata tulimvizia uwanja wa ndege ndani ya gari langu. Akatoka, akapanda teksi, nasi nyuma yake hadi Nõmme, kwenye nyumba za mbao. Helve akabadilika rangi.

"Nimezaliwa mtaa huu."

"Basi kachukua mtu unayemfahamu. Hana haya!"

Teksi ikasimama kwenye geti la Kaarel. Urmas akazunguka nyuma, kwenye kibanda cha sauna kilichokuwa kinafuka moshi. Tulipokaribia tukasikia matawi yakilia pwa, pwa, na mtu akiguna. Helve akausukuma mlango.

Kaarel alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Nyuma yake Urmas, fungu la matawi mkononi.

"Alipata kiharusi," Urmas akasema, macho chini. "Hawezi kujiosha. Kaniapisha nisikwambie, hataki umwonee huruma."

Mzee hakugeuka. "Ingia au toka. Unanimalizia mvuke."

Helve akaingia. Akavua koti, akavua viatu, akampokonya mumewe yale matawi na kumchapa baba yake bega la kulia, tena kwa nguvu.

"Leo unaogeshwa na mlevi, Baba?"

"Nilikosea," mzee akasema.

Akachapa tena.

"Piga tu, mwanangu. Upande huo sisikii kitu."

Helve akaangua kilio. Kisha akachovya matawi kwenye maji ya moto, akahamia bega la kushoto, taratibu.